Jina la mwanao lisipofanana kwenye vyeti

Mwanao amehitimu uuguzi, yuko nyumbani Ikwiriri, na kila jioni anachungulia simu kuona kama tangazo la ajira limetoka. Likitoka, muda wa kutuma maombi ni mfupi. Karatasi ziwe tayari kabla.

Maombi hujazwa kwenye Ajira Portal, tovuti ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Zinatakiwa namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya sekondari na chuo, na kwa muuguzi, usajili na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Karatasi ya matokeo haichukui nafasi ya cheti.

Sasa tazameni majina. Shuleni aliandikishwa kwa jina la babu, NIDA ikaandikwa Mohamedi, chuo kikaandika Mohamed. Hilo hurekebishwa kisheria, kwa wakili, na huchukua siku. Kama hana cheti cha kuzaliwa, RITA hutoa kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, basi hesabuni na nauli ya Utete.

Heri fedha ya ufuta iende huko kuliko kwa anayejidai ana mtu wake ndani. Kutuma maombi ni bure.

Kisha kuna usaili: mchujo wa maandishi, halafu mahojiano. Kuitwa si kuajiriwa, na kusubiri kunakula usingizi wa kijana. Akikosa, msimtajie mtoto wa jirani aliyepata. Mwacheni ale kwanza, alale, ndipo muulizane tangazo lijalo.