Uchu Unaojua Saa ya Futari

Kila Ramadhani, kwenye vijiwe vinavyoizunguka stendi ya Msamvu mjini Morogoro, kuna jambo hutokea jioni ambalo tumelizoea kiasi cha kutolitazama tena. Mpiga debe ambaye siku za kawaida hapitishi saa moja bila kuwasha sigara ameshinda na saumu tangu alfajiri. Amepakia mizigo, amegombea abiria, jua limempiga utosini. Asubuhi alitulia, na adhuhuri pia alitulia. Ikikaribia saa kumi na mbili, maneno yake yanakuwa mafupi, mkono unapapasa mfuko, macho hayabanduki kwenye saa ya simu. Tende hazijagawiwa, lakini sigara tayari iko juu ya sikio.

Kuitamani kwake si ajabu. Kilichonikaa kichwani ni saa anayoitamania. Nikotini hupungua mwilini kwa nusu katika kila muda wa saa mbili hivi. Aliyevuta ya mwisho kabla ya adhana ya alfajiri, ikifika adhuhuri damu yake imebaki na kidogo sana. Kama uchu ungekuwa mwili unaodai kilichopungua, basi ungemwandama mchana kutwa. Mbona unamwacha kwa saa nyingi, kisha unamvamia dakika chache kabla ya ruhusa? Na mtu anayeweza kukaa saa kumi na tatu bila moshi, mwezi mzima, tunapata wapi ujasiri wa kumwambia kuwa hana nia?

Swali hilo nililipeleka Kihonda, kwa muuguzi mstaafu anayewasaidia watu kuacha sigara, ugoro na pombe. Ameomba jina lake lisiandikwe, kwa kuwa wanaomjia huja kwa siri na jirani wakijua nyumba watajua na watu. Wote humwita Mama, na hapa atabaki Mama. Ni mzaliwa wa Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru.

Hakunijibu kwa mdomo. Aliingia chumbani akatoka na daftari.

Ni daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Kila anayemjia hupewa la kwake na kuagizwa asiache kuvuta kwanza. Kazi yake ya mwanzo ni kuandika. Kila uchu ukimjia, avute asivute, anajaza mstari mmoja: saa ngapi, mahali gani, alikuwa na nani, na ukali wake kuanzia sifuri hadi kumi. Safu ya mwisho ndiyo Mama anayoisoma kabla ya nyingine zote. Kichwa chake kimeandikwa kwa kalamu nyekundu: ulikuwa unasubiri nini?

"Mwanzoni sikuwa nayo," alisema. "Nilikuwa nauliza saa na mahali, basi. Nikaona majibu yananipiga chenga. Mtu yuleyule, kahawa ileile, leo uchu ni mbili, kesho ni tisa. Nikaanza kuuliza alichokuwa anakisubiri. Hapo ndipo daftari likaanza kusema."

Aliniruhusu kusoma kurasa za mbeba mboga mmoja, mwenyewe akiwa ameridhia. Kijana huyu hushuka alfajiri kutoka juu ya Morningside na mzigo wa kabichi hadi Soko Kuu la Chifu Kingalu. Mwandiko wake ni mkubwa, wa mtu asiyeandika mara kwa mara. Anapoondoka nyumbani: sifuri. Akiwa njiani kwenye mteremko: sifuri, moja, mara nyingine hajaandika kitu. Akiingia Boma: tatu. Akiliona paa la soko: saba. Mzigo unapokaribia kutua: tisa. Safu ya mwisho imejazwa neno moja asubuhi baada ya asubuhi: kutua.

Kisha kuna ukurasa ambao Mama ameukunja pembe. Siku hiyo mnunuzi alimpigia simu akiwa njiani, kwamba asishushie sokoni, aendelee hadi Mawenzi. Paa la soko, lililozoea kuandikiwa saba, likaandikwa mbili. Ile tisa ikahamia Mawenzi.

"Unaona, mwanangu? Uchu ulimsubiri. Mwili ni uleule, na sigara ameikosa kwa muda mrefu zaidi ya siku nyingine. Alipojua safari haijaisha, nao ukakaa chini."

Daftari la mtu mmoja si utafiti. Lakini watafiti nao wamekutana na jambo hili. Mwanasaikolojia Reuven Dar wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv na wenzake walichapisha mwaka 2005 uchunguzi wa wavutaji wa Kiyahudi walioshika dini, ambao siku ya Sabato hawawashi moto. Waliwapima siku ya kawaida, siku ya Sabato, na siku ya kazi ambayo waliombwa wasivute. Siku ya kazi bila sigara iliwatesa kuliko Sabato bila sigara. Mwaka 2010 wakatoa matokeo ya wahudumu wa ndege. Uchu wao ulipanda kadiri ndege ilivyokaribia kutua, iwe safari ya saa chache au ya saa kumi na zaidi. Mwisho wa safari fupi uchu ulikuwa mkali kuliko ulivyokuwa saa ileile katikati ya safari ndefu. Wapo wataalamu wanaoona Dar anaupunguzia mwili sehemu yake, na hoja yao ina uzito: anayeacha sigara hupata hasira, kukosa usingizi na kushindwa kutulia, hasa siku za mwanzo, na hayo si ya kuyawaza tu. Hata hivyo, mbeba mboga wa Morningside na mhudumu wa ndege wameandika kitu kimoja.

Morogoro ina sababu ya kulijali hili. Majani ya tumbaku kutoka Tabora na Urambo hufika hapa kuchambuliwa na kufungashwa kabla ya kwenda nje ya nchi, na wapo wanaoyanusa siku nzima kama kazi yao. Mama amewahi kuwapata wawili kati yao. Walimwambia harufu ya ndani haiwasumbui, kwa sababu ndani hakuna wa kuwasha. Kinachowasumbua ni geti, saa ya kutoka.

Baadaye aliongeza swali jingine kwenye daftari: ulipovuta, ilikuwa tamu? Kurasa zimejaa hapana. Wapo walioandika "kidogo", na mmoja aliandika "nilisahau kama nimevuta". Mwaka 1993 wanasayansi Terry Robinson na Kent Berridge walieleza kuwa ndani ya ubongo kutaka kitu na kukifurahia ni kazi mbili tofauti, na kwamba uraibu huinoa ile ya kutaka huku raha ikibaki ilipo au ikififia. Ndiyo maana mtu hulia akiwa ameishika sigara. Anaitaka kweli, na kweli haimpi kitu. Tunapomcheka kuwa anajidanganya, tunamcheka kwa maumivu asiyoyatengeneza kwa hiari.

Nilimuuliza Mama kama haya yanawahusu pia wanaotumia unga. Sauti yake ilibadilika.

"Hapo usije ukaandika vibaya. Usimwambie mtu mwenye arosto kwamba ni mawazo yake. Arosto ni mwili. Anatapika, anaharisha, mifupa inauma, kamasi zinamtoka. Huyo anahitaji dawa."

Dawa ipo. Huduma ya methadoni ilianza Muhimbili Februari 2011 na tangu hapo imeenea katika mikoa kadhaa. Dozi moja ya kila siku, inayonywewa mbele ya mhudumu, huizuia arosto. Lakini arosto ikishatulia, ule uchu mwingine unabaki, wa kupita maskani ya zamani na kumwona aliyekuwa akikuuzia kete. Huo unaweza kukaa miaka. Na una hatari yake ya kifo: aliyekaa wiki kadhaa bila unga, akirudia kipimo chake cha zamani, mwili hauwezi tena kukibeba.

Pombe nayo ina onyo lake. Anayekunywa gongo kila siku kwa miaka, akiacha ghafla peke yake, anaweza kupata degedege na hata kufa. Huyo aanzie hospitali, daftari lifuate.

Kwa sigara, baada ya wiki mbili za kuandika, Mama na mtu wake hukaa na kuitafuta milango. Kila penye saba na kuendelea ni mlango: kituo cha mwisho cha daladala, kahawa ya jioni, simu ya bosi ikikatika. Huuchagua mmoja tu, na kuufunga kabisa. Dereva mmoja aliamua kuwa ndani ya gari sigara haipo, haijadiliwi, hata gari likiwa limeegeshwa na yeye amelala humo. Uchu wa garini ulimwisha kabla hajaacha sigara za nyumbani. Na unapokuja mahali ambapo mlango haujafungwa?

"Uchu ni mvua ya Uluguru," Mama alisema. "Hukatazi isinyeshe. Unatafuta kibaraza, unasimama. Haijawahi kunyesha ikakosa kukatika. Wanaolowa ni wale wanaotoka kwenda kubishana nayo."

Hapa ndipo ninapoiona siri ya yule wa Msamvu. Mchana wa Ramadhani hapambani. Swali la nivute au nisivute limeshajibiwa kabla hajaamka, na wote waliomzunguka wanalijua jibu hilo. Mwezi ukiandama, swali linafunguliwa upya, na linaulizwa na kila duka la mtaani. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku tangu mwaka 2003, lakini sigara inauzwa moja moja kwa sarafu za mfukoni, na kiberiti cha gesi kinaning'inia dirishani kwa kamba ili hata asiye na moto asikwame. Hata mwenye nia ya chuma, nia yake italijibuje swali hilo mara hamsini kwa siku?

Mama hana jibu la Idi. Amewaona waliofunga mwezi mzima na kuongeza sita za Shawali, wakavuta kila usiku wa siku hizo. Amewaona Wakatoliki wa Mgeta walioacha pombe Kwaresima yote, Pasaka ikawarudisha. Je, kinachotushika ni imani, au ni kuwa wengi kwa wakati mmoja? Na asiye na dini ya kumfungia mlango afungiwe na nani?

Kwa sasa anajaribu njia ya majirani. Mtu wake mmoja alikubali aende naye kwa mwenye duka la mtaani kwao, wamwombe asimuuzie sigara hata akilia. Mwenye duka aliwasikiliza, akakubali bila kusita. Kisha akauliza jambo ambalo Mama bado analitafutia jibu.

"Sawa Mama, mimi nitamnyima. Lakini mtaa huu tuko maduka saba. Hao wengine sita utawaambia nini?"