Mshahara, Posho na Daraja: Maneno ya Malipo na ya Kupanda Cheo katika Kiswahili cha Lualaba

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi Kiswahili cha Lualaba kinavyotaja malipo ya kazi na ngazi za vyeo. Mazingira tunayoyazingatia ni Lubudi, mji wa kiwanda cha saruji na reli, pamoja na migodi ya Kolwezi. Huko maneno ya ujira si suala la kamusi peke yake. Mfanyakazi asiye na jina la kitu anacholipwa hupata shida kukidai kinapopunguzwa.

2. Maneno ya malipo

Neno mshahara, ambalo kwetu hutamkwa "mushahara", limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ni neno lenye maana ya mwezi. Kwa hiyo ni malipo yanayofuata mwandamo wa mwezi. Kibarua, ambaye hulipwa kwa siku, amepata jina lake kutokana na barua, yaani karatasi aliyopewa kazini.

Neno posho lina historia nzito zaidi katika nchi ya shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilianza kuwaajiri watu kwa mikataba mirefu na kuwahimiza waje na wake zao. Katika kambi zake posho ilikuwa unga wa mahindi, samaki au nyama, karanga, chumvi na mafuta. Neno la tatu ni "matabisi", lenye asili ya Kireno: kitu cha ziada anachotoa mkubwa kwa hisani yake.

Kwa hiyo mshahara ulikuwa haki, posho ilikuwa chakula, na matabisi yalikuwa hisani. Wafanyakazi walipogoma Desemba 1941, nyongeza ya mshahara ndiyo iliyokuwa kiini cha madai yao. Tarehe 9 ya mwezi huo askari waliwafyatulia risasi mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na watu wengi wakauawa.

Tuongeze kitenzi kimoja. Katika Kiswahili sanifu, kutumika ni hali ya kitu kinachotumiwa. Katika Kiswahili chetu, "natumika ku Gécamines" maana yake ni kwamba ninafanya kazi Gécamines. Msikilizaji kutoka pwani huenda akashangaa, lakini mzungumzaji hakusudii kulalamika.

3. Maneno ya vyeo

Misafara ya karne ya 19 ilikuwa na ngazi zenye majina ya Kiswahili: mpagazi, mnyapara, kirangozi. Migodi nayo ilikuwa na fundi, karani na "kapita", yaani msimamizi wa kundi. Ngazi hizo ziliishia hapo. Kabla ya uhuru wa mwaka 1960, nafasi za juu zilikuwa karibu zote mikononi mwa Wazungu, na Kiswahili cha kambini kilitumiwa hasa kwa kuwaamuru walio chini.

Athari yake ingalipo. Ngazi za kazi nchini Kongo huanzia kwa "manœuvre", hupitia kwa mfanyakazi mwenye ujuzi na kwa "maîtrise", na kufika kwa "cadre de direction". Mfanyakazi wetu husema "balinipandisha", yaani amepandishwa. Ukimwuliza amepandishwa kutoka ngazi gani kwenda ngazi gani, hana budi kujibu kwa Kifaransa, kama anakijua.

4. Hati ya malipo

Tatizo hili huonekana wazi zaidi katika hati ya malipo. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 hutenganisha "rémunération" na malipo mengine. Thamani ya manufaa yanayotolewa kwa vitu huhesabiwa ndani yake. Fedha za nyumba, za usafiri na za matunzo ya watoto hazihesabiwi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Watu wawili hupokea faranga 900,000 kila mwezi. Wa kwanza ana ujira wa 700,000, na nyumba na usafiri ni 200,000. Wa pili ana ujira wa 400,000, na nyumba na usafiri ni 500,000. Wote wawili husema kwamba mshahara wao ni sawa. Lakini malipo ya likizo hufuata "rémunération", na siku ya kwenda likizo wa pili atashangaa. Neno mushahara limefunika vitu viwili ambavyo sheria imevitenga.

5. Hitimisho

Je, tuagize istilahi kutoka Dar es Salaam? Makato na marupurupu yanafaa kujaribiwa. Lakini posho ina mtego: Tanzania ni fedha anazopewa hata mbunge kwa kuhudhuria kikao, hali kwetu bado inakumbusha gunia la unga. Istilahi iliyo sahihi katika kamusi yaweza kupotosha katika hati.

Hapa wanafunzi wetu wana nafasi. Siku hizi kampuni za programu za simu huajiri watu ambao kazi yao ni kuchagua maneno ya kuandikwa kwenye kioo, na mojawapo ya mbinu zao ni kumpa mtumiaji neno, kisha kumwuliza amelielewaje. Hati ya malipo nayo ni chombo chenye mtumiaji. Tunapendekeza kwamba idara za Kiswahili, pamoja na vyama vya wafanyakazi, zitunge hati ya mfano yenye Kifaransa na Kiswahili, na kuijaribu kwanza kwa wafanyakazi wa Lubudi na Kolwezi. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Ni haki basi lugha hiyo imwezeshe raia kujua amelipwa nini, amekatwa nini, na ngazi ipi iko juu yake.