Gia Ikikataa, Angalia Umeme Kwanza



Tuseme umetoka Kipsongo alfajiri na gunia nne za mahindi nyuma ya Probox, ukashika njia ya Kiminini na Webuye kwenda Bungoma. Usiku mvua ilinyesha. Ghafla gari linakuwa zito kuondoka, halibadili gia, nayo injini inalia bure. Mtu wa kwanza kulitazama anakuambia, "Gia imekufa. Nunua nyingine."

Ngoja kwanza. Ng'ombe akikataa kula, humchinji siku hiyo, unampima. Gari nalo lipimwe. Wako wakulima waliouza mahindi ya watoto ili kununua gia, ikafungwa, na ugonjwa ukabaki vile vile, kwa sababu ulikuwa katika waya.

Zamani, mashamba ya settlement yalipoanza kugawanywa mwaka 1962 katika mpango wa eka milioni moja, Land Rover na trekta zilibadili gia kwa vyuma na mkono wa dereva. Ugonjwa wa gia ulikuwa ugonjwa wa chuma. Leo magari mengi madogo yatokayo Japani hayana klachi ya mguu. Kompyuta ya gari husoma mwendo, joto na mguu wako juu ya mafuta, kisha hupeleka umeme kwa vizibo vidogo vilivyo ndani ya gia, viitwavyo solenoidi. Hivyo ndivyo vinavyofungua na kufunga njia za oili. Umeme ukikosekana, oili haipiti mahali pake, hata kama vyuma vyote ni vizima.

Tena kompyuta ikiona hitilafu, mara nyingi hulishikilia gari katika gia moja, ili gia isiharibike na wewe upate kufika nyumbani. Ndiyo sababu gari huwa zito kuondoka. Hiyo ni ishara ya hatari. Haina maana kwamba gia imekufa.

DALILI ZA KUTOFAUTISHA

Ugonjwa wa umeme huja na kuondoka. Huja wakati wa mvua, au gari likipita shimo, au ukiwasha taa kubwa. Ukizima injini na kuiwasha tena, pengine hupotea. Ugonjwa wa chuma hauendi likizo: huzidi siku kwa siku, gari huteleza gia ikishika, na oili huwa nyeusi yenye harufu ya kuungua, au yenye vipande vya chuma.

FANYA HIVI

Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, na uweke mawe kwenye magurudumu.

1. Tazama dashibodi. Katika magari mengi ya Toyota ya miaka ya 1990, taa ya O/D OFF ikiwaka bila kupepesa, huenda kitufe kimebonyezwa tu. Ikipepesa, kompyuta imeandika kosa.

2. Pima oili ya gia jinsi kitabu cha gari kinavyosema. Ikipungua, gia huteleza hata kama waya zote ni nzima. Usiongeze oili ya aina nyingine.

3. Pima betri kwa mita ya umeme. Injini ikiwa imezimwa, betri iliyojaa huonyesha karibu volti 12.6. Injini ikinguruma, iwe kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Usifungue waya wa betri injini ikinguruma.

4. Pima waya wa ardhi, yaani ule mweusi utokao betri na kufungwa kwenye bodi na injini. Mguso mmoja wa mita uweke kwenye kichwa cha betri cha upande wa kutoa, wa pili kwenye chuma safi cha gia. Mwenzako apige stata. Kipimo kikizidi nusu volti, waya huo una kutu au umelegea. Kazi yake ni brashi ya waya na spana.

5. Mkono wa gia ukikataa kutoka P, kanyaga breki na umwulize mwenzako kama taa za nyuma zinawaka. Zisipowaka, angalia fyuzi ya taa za breki na swichi iliyo juu ya pedali. Hapo gia haina kosa.

6. Fuata waya ziingiazo katika gia. Tafuta soketi yenye maji au matope, na waya iliyotafunwa. Gari linalolala kando ya ghala la mahindi hulala na panya, na panya hawabagui mahindi na waya.

NAMBA ZA MAKOSA

Kabla ya kufungua vichwa vya betri, mwombe fundi mwenye mashine asome namba za makosa, maana ukifungua betri huenda zikafutika. Ziandike. P0720 yahusu kipima mwendo cha gia. P0705 swichi ya mkono wa gia. P0753 umeme wa solenoidi ya kwanza.

Lakini angalia sana: namba hutaja njia ya umeme, haihukumu kifaa. P0753 yaweza kuwa solenoidi mbovu, na yaweza kuwa waya iliyokatika nje. Mwambie fundi apime kabla ya kununua. Katika gia nyingi za Toyota, solenoidi za kufungua na kufunga hupima ohmu 11 hadi 15. Kitabu cha gari lako ndicho kitakachoamua. Na hata ikiwa mbovu, mara nyingi hubadilishwa kwa kufungua bakuli la oili tu, bila kushusha gia nzima.

KINGA

Usioshe injini kwa maji ya nguvu. Ukitaka kuchomelea chuma garini, fungua betri kwanza. Usikubali fundi wa redio au king'ora aunganishe waya kwa kukata zile za gari ovyo.

Ikiwa umepima yote na oili inanuka kuungua, basi gia yenyewe ni mgonjwa, nawe utatumia pesa kwa haki. Lakini mahindi yasitoke ghalani kabla mita haijatoka mfukoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta.