Rufiji na Tope Lake

Karibu sehemu moja ya tano ya ardhi ya Tanzania humwaga maji yake katika mto Rufiji. Mto Kilombero, ukibeba mvua za Udzungwa na nyanda za Njombe, hukutana na Luwegu kwenye maporomoko ya Shughuli. Hapo ndipo jina Rufiji linapoanza. Mbele zaidi huingia Ruaha Mkuu. Ruaha ndio wenye sifa, lakini maji mengi huletwa na Kilombero. Ruaha wenyewe, tangu miaka ya 1990, umekuwa ukikatika kiangazi, kwa sababu maji yake huchepushwa kwenda kwenye mpunga wa Usangu.

Mto huu hauleti maji tu. Ukishatoka katika korongo unalopita kabla ya tambarare, hupunguza kasi, na masika hufurika bondeni ukaacha tope jipya. Warufiji walijenga kilimo chao juu ya tabia hiyo. Mpunga hupandwa mapema, ukue pamoja na maji. Maji yakishuka, hupandwa mahindi, maboga na kunde katika unyevu uliobaki. Kilimo hicho cha pili ndicho mlau. Mafuriko makubwa yakiharibu mpunga, mlau huokoa mwaka. Ndiyo maana watu walikaa shambani, juu ya madungu, wakayapisha maji yapite chini yao. Operesheni Rufiji ya serikali, mwishoni mwa miaka ya 1960, ikawahamishia nchi ya juu. Naona iliyaona madhara ya maji ikaiacha faida yake, na wakulima wengi wakaendelea kushuka bondeni kulima.

Tope linalopita huishia deltani, mkabala na kisiwa cha Mafia, na kulisha misitu mikubwa ya mikoko. Boriti zake zilipakiwa majahazini hadi Arabuni na Ghuba. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa vyumba vya nyumba za mawe za pwani. Katika vijito vya delta hiyo manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha mwaka 1914, na Waingereza hawakuimaliza hadi Julai 1915, walipoleta Severn na Mersey, meli zinazoelea kwenye maji haba.

Sasa katika korongo lile limesimama Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024. Umeme huo nchi inauhitaji kweli. Maji, wasimamizi wakitaka, wanaweza kuyafungulia masika, mlau ukapata haki yake. Tope ni jambo jingine: sehemu kubwa hutua ndani ya bwawa, wakati mikoko inalihitaji ili bahari isiile ardhi inakosimama.