Mashine ikiandika 18, presha ni ngapi?

Baadhi ya mashine ndogo za kupimia presha nyumbani zina kitufe cha kubadilisha kipimo. Kikibonyezwa bila kujua, babu wa Akheri, mkoani Arusha, aliyezoea kusoma 140 kwa 90 ataletewa 18.7 kwa 12.0. Mjukuu atapiga kelele kwamba presha imeshuka, kumbe haijasogea hata kidogo. Mashine imehama tu kutoka milimita za zebaki kwenda kilopaskali, na imelisema hilo pembeni mwa namba kwa herufi ndogo: kPa badala ya mmHg.

Kuirudisha namba kwenye mmHg si kazi. Zidisha kilopaskali kwa 15, kisha gawanya kwa 2: 12 inakuwa 90, na 18.7 inakuwa 140 na chembe.

Balaa ni pale namba moja inapokuwa na maana mbili. Burundi na mashariki mwa Kongo, ambako udaktari umefundishwa kwa Kifaransa, presha hutajwa kwa sentimita za zebaki. 12 kwa 8 yao ndiyo 120 kwa 80 yetu. Arusha ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na watu wa Burundi na Kongo tunaishi nao. Sasa mtu akisema presha yake ya juu ni 18, anasema nini? Kwa kilopaskali ni 135, ya kuangaliwa bila haraka. Kwa sentimita ni 180, na ikiambatana na maumivu ya kifua au ganzi ya upande mmoja wa mwili, ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

Zebaki iliingia kwenye hesabu hizi mwaka 1643, Torricelli wa Italia alipoonyesha kwamba uzito wa hewa hushikilia safu ya zebaki ndani ya bomba la kioo. Usawa wa bahari safu hiyo husimama milimita 760. Mwaka 1896 Riva-Rocci, Mwitalia mwingine, aliiunganisha na mkanda wa kufunga mkononi. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza vipimo vya presha vya zebaki. Zebaki inaondoka, milimita zake zimebaki.

Lakini 760 ni ya Tanga na Dar es Salaam. Kwenye miinuko ya Akheri, tuseme mita 1,400, safu ingesimama karibu 640. Je, presha za wakazi zihesabiwe upya? La. Mashine hupima kile damu inachozidi hewa iliyouzunguka mwili, kwa hiyo 120 ya Akheri ni 120 ya Tanga. Ukijumlisha na hewa yenyewe, damu ya Akheri inafika 760, na ya Tanga 880.

Tairi nalo hupimwa hivyohivyo. Kibandiko mlangoni mwa gari lililotoka Japani kinadai kPa 220, geji ya fundi wa pancha inasoma psi. Gawanya kwa 7, au kwa 6.9 ukitaka kuwa makini, upate 32.

Simu yenye baromita itakuonyesha hektopaskali 860 hapo Akheri, huku programu ya hali ya hewa ikidai 1,015. Zote ziko sawa. Wataalamu wa hali ya hewa huhesabu kana kwamba kila kituo kiko usawa wa bahari, ili Arusha na Mtwara zilinganishike. Robo tatu ya 860 ni 645, milimita zilezile za Torricelli.

Urefu wa mahali unaanza kuuma kwenye pumzi. Oksijeni ni karibu asilimia 21 ya hewa popote uendapo, ila fungu lake la mgandamizo hupungua: kama milimita 160 pwani, 134 Akheri, na 90 hivi kileleni Meru, zaidi ya mita 4,500. Maumivu ya kichwa na kichefuchefu yakizidi huko juu, mpandaji hushushwa, maana kila mita mia chache za kushuka humwongezea milimita za oksijeni.