Kwa Nini Upande Boti Ziwa Tanganyika Wakati wa Kipupwe

Watu wa miji yenye mito mikubwa wana starehe yao ya msimu wa baridi. Wanapanda boti ya kutalii, wanajikunyata ndani ya makoti kwa saa moja huku majengo yakipita, kisha wanashuka na kutafuta kitu cha moto cha kunywa. London wana mto Thames, Paris wana Seine. Sumbawanga hatuna mto wa namna hiyo, ila baridi tunayo ya kutosha na ya kuwagawia wengine. Kama umewahi kuamka mjini saa kumi na mbili asubuhi mwezi Julai, unajua ninachosema: watoto wanakwenda shule na masweta na kofia za sufi, na jiko la muuza chapati limezungukwa na watu ambao wala hawanunui chapati.

Boti nazo zipo, sema ziko chini. Ukitoka Sumbawanga ukapita Matai, unateremka kama kilomita 110 hivi hadi Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika. Hapo unaweza kukodi boti ya injini ukatembea kandokando ya ufuko, au ukaelekea kusini hadi mto Kalambo unapoingia ziwani, kwenye mpaka wetu na Zambia. Wengi wangekushauri usubiri joto lirudi. Mimi nakushauri uende Juni, Julai au Agosti, kwa sababu upepo uleule unaokuvalisha sweta Sumbawanga ndio unaolilisha ziwa. Ukijua pa kutazama, utaliona jambo hilo kwa macho yako.

Juu sweta, chini shati

Kwanza utashangaa kwamba ukifika Kasanga sweta linakuwa mzigo. Sumbawanga ipo takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na uso wa Ziwa Tanganyika uko kama mita 770. Yaani umeshuka kilomita moja nzima kwenda chini. Kwa wastani, hewa hupoa kwa nyuzi joto 6.5 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo ukishuka unazirudisha nyuzi zako sita na nusu.

Inakuwaje? Hewa inayopanda hukutana na mgandamizo mdogo, inatanuka, na ikitanuka inapoa. Kinyume chake umekiona ukijaza upepo tairi la baiskeli: hewa inabanwa na pampu inapata moto.

Kuna sababu ya pili. Wakati wa kipupwe anga la Ufipa huwa jeupe, hakuna mawingu. Usiku ardhi inapoteza joto lake moja kwa moja kuelekea juu, kama mtu aliyelala bila blanketi. Ziwa halipoi kirahisi hivyo. Kilo moja ya maji inahitaji joto mara nne hivi ya lile linalohitajiwa na kilo moja ya hewa ili kupanda nyuzi moja, na maji ya Tanganyika si kilo moja. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 pale penye kina kirefu zaidi. Duniani ni Ziwa Baikal la Urusi pekee linalolizidi kina.

Upepo wenye kazi

Kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki huvuma kutoka Bahari ya Hindi kuingia bara. Watu wa pwani wanaujua, wanauita kusi. Ukifika huku kwetu umekuwa mkavu, unapita juu ya uwanda wa Ufipa, kisha unalishukia ziwa.

Sasa litazame ziwa kwenye ramani. Ni jembamba na refu, kama kilomita 670 kutoka kusini hadi kaskazini. Kwa hiyo upepo huu unalipata ziwa kwa urefu wake, na kwa miezi kadhaa unayasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, upande wa Kigoma na Burundi. Je, maji ya juu yakiondoka kusini, nafasi yao inachukuliwa na nini?

Ili kujibu, inabidi ujue kwamba Ziwa Tanganyika ni kama nyumba ya ghorofa. Juu kuna maji ya uvuguvugu, mara nyingi kati ya nyuzi 24 na 28. Chini kuna maji yenye nyuzi 23 na kitu, mwaka mzima. Tofauti inaonekana ndogo, lakini maji yenye joto kama haya hubadili uzito wake haraka kwa kila nyuzi moja, kuliko maji ya maziwa ya nchi za baridi. Basi ya uvuguvugu, ambayo ni mepesi, yanaelea, na ya baridi yanakaa chini. Hayachanganyiki kirahisi.

Jaribu nyumbani. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, tia maji hadi nusu, kisha ujazie mafuta ya alizeti na kuifunga vizuri. Ilaze mezani. Utaona mpaka umenyooka kati ya mafuta na maji. Inua upande mmoja kidogo, subiri, kisha uirudishe. Mpaka ule utainama, upande mmoja juu, mwingine chini, halafu utayumba polepole kabla haujatulia. Kwenye ziwa anayeinamisha ni upepo. Maji ya uvuguvugu yanarundikana kaskazini, na kusini, upande wa Kasanga na Mpulungu, maji ya baridi yanapanda kuja juu. Upepo ukilegea, mpaka ule unaanza kuyumba chini kwa chini, taratibu sana: mawimbi hayo yaliyofichika huchukua takriban mwezi mmoja kwenda na kurudi.

Chakula kinatoka stoo

Maji ya chini hayaji mikono mitupu. Kila kiumbe kinachofia ziwani huzama na kuoza, na virutubisho vyake, kama fosforasi na naitrojeni, hubaki huko chini. Huko hakuna mwanga, na ukishapita mita 100 hivi upande wa kaskazini, au 200 hivi upande wa kusini, hakuna hata oksijeni. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ziwa ni stoo iliyojaa mbolea ambayo hakuna wa kuitumia.

Upepo wa kipupwe ndio unaofungua mlango wa stoo. Mbolea ikifika kwenye mwanga, vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho vinastawi. Viumbe wadogo wa majini wanakula vijimea, dagaa wanakula viumbe hao, migebuka wanakula dagaa, na sisi tunakula wote wawili kwa ugali. Fungu la dagaa wa Tanganyika unalolikuta sokoni Sumbawanga lina mkono wa upepo ndani yake.

Ukiwa kwenye boti, tazama haya

*Rangi ya maji.* Wakati wa mvua, maji ya ziwa mbali na midomo ya mito huwa meupe na angavu. Kipupwe kikikolea huku kusini, rangi huelekea ukijani. Huo si uchafu, ni vijimea.

*Uangavu.* Chukua sahani nyeupe, ifunge kamba na kitu kizito, uishushe mpaka isionekane, kisha upime kamba iliyozama. Mwanasayansi wa Kiitalia, Angelo Secchi, alianza kupima hivi mwaka 1865, na hadi leo sisi tunaosomea maji tunatembea na sahani yake. Katika majira ya maji angavu, sahani inaweza kuonekana hata zaidi ya mita 10. Vijimea vikiongezeka, inapotea mapema.

*Kuta za ziwa.* Milima inayoshuka hadi majini ni kingo za Bonde la Ufa. Uwanda wa Ufipa ni kipande cha ardhi kilichobaki juu kati ya mabonde mawili: upande huu Tanganyika, upande ule Ziwa Rukwa, lenye kina cha mita chache tu. Unapotazama juu kutoka kwenye boti, unatazama ukingo wa nyumbani.

*Mto Kalambo.* Kabla ya kufika ziwani, mto huu huanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, kisha hupita kwenye korongo. Juu ya maporomoko, upande wa Zambia, watafiti walikuta magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu wa kale. Utafiti uliotangazwa mwaka 2023 uliyapa umri wa miaka 476,000 hivi. Mbao kukaa muda wote huo! Zilihifadhiwa kwa sababu zilizama kwenye udongo uliojaa maji, mahali ambapo oksijeni ni haba na kuoza ni kugumu. Liweke akilini, tutalirudia.

Maji tulivu yanayodanganya

Kabla hujalipia boti, soma hapa mara mbili.

Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko ziwa, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, ule ambao wavuvi wa pwani huuita umande. Sasa, ufuko wa Kasanga uko mashariki ya ziwa na milima ipo nyuma yake. Hii maana yake ni kwamba usiku na alfajiri wakati wa kipupwe, umande na upepo wa kusini-mashariki unaweza kusukuma upande mmoja, yaani kukutoa ufukoni kwenda katikati. Mchana, ule wa kutoka ziwani unapingana nao. Milima na ghuba hubadili hesabu hii kutoka mahali hadi mahali, kwa hiyo nahodha anayeishi hapo anajua kuliko makala yoyote.

Ila kuna jambo moja la kwenda nalo. Wimbi linahitaji nafasi ili likue. Upepo ukitoka nchi kavu, maji yaliyo karibu na ufuko hutulia kabisa, kwanza kwa sababu milima inayakinga, pili kwa sababu wimbi halijapata mwendo. Unasimama ufukoni unasema, "Leo ziwa limelala." Kilomita mbili mbele ni habari nyingine. Na injini ikizima, upepo huo haukurudishi ufukoni, unakupeleka mbali zaidi.

Kwa hiyo: jaketi okozi livaliwe na kufungwa tangu ufukoni, si kukaliwa kama mto. La mtoto liwe la saizi yake. Uliza kama chombo kimesajiliwa na TASAC na kinaruhusiwa kubeba watu wangapi. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa watumiaji wa maziwa. Nahodha akisema leo hatutoki, mshukuru, kanywe chai. Na lile sweta usiliache kwenye gari: nguo iliyorowa ikipigwa na upepo wa boti hukunyonya joto, hata kama ufukoni ulikuwa unatoka jasho.

Mlango ukianza kuwa mgumu

Ziwa Tanganyika limekuwa likipata joto. Ghorofa ya juu inapata joto haraka kuliko ya chini, kwa hiyo tofauti ya uzito inaongezeka, na upepo unahitaji nguvu zaidi kuufungua mlango wa stoo. Mwaka 2003, utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature ulikadiria kwamba uzalishaji wa vijimea ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 20, jambo ambalo lingeweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi.

Unaweza kuuliza: si ni wavuvi tu wamezidi? Hapo ndipo yale magogo ya Kalambo yanapotusaidia. Kilichoyahifadhi ndicho kinachohifadhi pia tope la chini ya ziwa: bila oksijeni hakuna mnyama wa kulichimba, na tabaka hulala juu ya tabaka kama kurasa. Watafiti walizisoma kurasa hizo, na mwaka 2016 wakaeleza kwamba mabaki ya samaki yalianza kupungua kadiri ziwa lilivyopata joto, kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kuanza katikati ya karne ya 20. Hiyo haimaanishi kwamba uvuvi wa kupita kiasi hauna madhara. Maana yake ni kwamba samaki wanabanwa pande mbili, na upande mmoja hauzuiliki kwa kukamata nyavu haramu.

Mwaka 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapumzike na kuzaliana. Linganisha tarehe hizo na miezi ya upepo niliyokutajia. Kwa familia inayokula kutokana na ziwa, miezi mitatu bila kuvua si jambo dogo, na haki yake ni kuelezwa vizuri kwa nini. Miezi hiyo imo ndani ya msimu ambao, huku kusini, stoo inafunguliwa na meza ya dagaa inaandaliwa.

Basi kipupwe kijacho, upepo ukigonga dirisha lako Sumbawanga usiku, jua unakokwenda. Ukipata nafasi ufuate hadi Kasanga, na sahani nyeupe, kamba na sweta. Pima uangavu wa maji, andika tarehe na namba. Mwaka unaofuata, mwezi uleule, pima tena mahali palepale.