Wageni wa Kijani Ndani ya Mwili

Msomaji, ukisafiri kwa matatu kutoka Kericho kupitia Litein hadi Bomet, macho yako hayaoni ila kijani. Pengine mtoto uliyempakata atakuuliza: "Ikiwa mchai unashiba kwa kusimama juani, mbona ng'ombe wetu hashibi jua?" Usimcheke. Swali lake lina maana.

Chuma majani mawili na chipukizi, kama wafanyavyo wachumaji, kisha utazame kipande chembamba kwa hadubini ya shule. Ndani ya seli utaona chembe za kijani. Hizo ndizo kloroplasti, jiko linalopika sukari kwa jua, maji na hewa ya kaboni. Ajabu ni kwamba asili yake si mmea. Zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, zilikuwa bakteria waliojitegemea. Walimezwa na seli kubwa zaidi lakini hawakusagwa; wakabaki humo wakizaana. Mrusi Konstantin Mereschkowski alilisema jambo hili mwaka 1905, akapuuzwa. Bi Lynn Margulis wa Marekani alipolifufua mwaka 1967, makala yake yalikuwa yamekataliwa na majarida mengi. Lakini ushahidi ulikuwapo: hadi leo kloroplasti zina DNA yao wenyewe, inayofanana na ya bakteria.

Na wanyama je? Wako waliojaribu njia hiyo. Katika maji baridi yaliyotulia huishi haidra wa kijani, kiumbe wa milimita chache tu. Seli za tumbo lake zimebeba mwani hai. Mwani humpa sukari, naye huupa makao na hewa ya kaboni anayoitoa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Haidra hakungoja ya tatu! Huko Amerika ya Kaskazini nako kuna salamanda, jamaa ya chura mwenye mkia. Mwaka 2011 wanasayansi walieleza kwamba mwani huingia katika seli zake angali ndani ya yai. Hakuna mnyama mwingine mwenye uti wa mgongo aliyekuwa amejulikana kufanya hivyo.

Ng'ombe anashindwa na hesabu. Ngozi yake ni mita chache tu za mraba, na sehemu yake iko kivulini. Naye hutembea, huupasha mwili joto na kutoa maziwa. Nyasi anazokula kwa siku moja zimekusanya jua la majuma mengi.

Lakini ukitaka kuona ushirika huu ukilisha watu, teremka hadi Pwani. Matumbawe ya Malindi, Watamu na Kisite-Mpunguti si mawe. Ni wanyama wadogo wanaojijengea nyumba za chokaa, na mwani ulio ndani ya seli zao huwapa sehemu kubwa ya chakula. Samaki wengi wanaovuliwa huko hutegemea matumbawe hayo kwa malisho na maficho.

Urafiki huu, hata hivyo, una mpaka. Maji yakipata joto la digrii moja au mbili zaidi ya kawaida kwa majuma kadhaa, mwani huanza kutoa kemikali zinazomdhuru mwenyeji wake, naye huufukuza. Tumbawe hubaki jeupe kama mfupa, likiwa na njaa. Joto lisipopungua upesi, hufa.

Hayo yalitokea mwaka 1998. Bara, El Nino ile inakumbukwa kwa mvua iliyokata barabara na madaraja. Baharini, sehemu nyingi za Pwani yetu zilipoteza nusu ya matumbawe hai au zaidi. Yalikuwa yameanza kurudi polepole joto lilipopanda tena mwaka 2016, na tena 2024.

Mwaka 2004 watafiti walieleza jambo la kutia moyo kidogo. Katika matumbawe ya Kenya yaliyonusurika walikuta kwa wingi mwani wa aina inayostahimili joto, ilhali Mauritius, ambako madhara ya 1998 yalikuwa madogo, mwani huo ulikuwa haba.